Muulize Mwalimu: Wiki nzima viwanjani Mwanza

Barua za safari hii zote ni za uwanjani. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu kijana aliyeiandika anataka kitu ninachokipenda toka nilipokuwa msichana wa netiboli.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Katoro, mkoani Geita, nina miaka 27. Mpira naujua wa kibanda umiza tu: benchi la mbao, televisheni moja, watu tumebanana hadi mlangoni. Sasa bosi amekubali kunipa wiki moja ya mapumziko na nimeamua nije Mwanza niangalie mechi kila siku kwa macho yangu. Wenzangu wananicheka, wanasema Mwanza kuna mechi moja kwa wiki, siku zilizobaki nitazurura stendi. Nianzie wapi? – Fundi, Katoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wenzako wanaijua Ligi Kuu peke yake, ndiyo maana wanakucheka.

Kabla hujampa bosi tarehe, subiri ratiba. Ligi Kuu ina timu 16, kwa hiyo Pamba Jiji, timu ya hapa Mwanza, inakuwa mwenyeji mara 15 tu msimu mzima. Ratiba yenyewe hupanguliwa, hasa Simba na Yanga wakiwa na mechi za CAF, na wiki ya kalenda ya FIFA ligi husimama kabisa. Tafuta wiki ambayo Pamba ipo uwanja wake wa Kirumba Jumamosi au Jumapili, uiweke mechi hiyo mwishoni mwa safari yako. Ukianzia Kirumba, viwanja vingine utavidharau, na huko ndiko kuna utamu usioujua.

Njia si shida tena. Zamani mtu wa Geita aliyetaka kuwahi mechi ya saa 10 jioni alitoka alfajiri, akifika Busisi anaomba foleni ya kivuko isimmalizie siku. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025, basi linakata zile kilomita 3 juu ya maji bila kusimama, mnatokea Kigongo, Usagara, hadi stendi ya Nyegezi. Tafuta gesti karibu na katikati ya jiji, maana viwanja vya Nyamagana na Mirongo ni vya kwenda kwa miguu, na Kirumba ni daladala moja tu kwa Barabara ya Makongoro.

Siku za katikati ya wiki nenda mchangani, kwenye mpira wa mitaani. Panda daladala za Igoma, Nyakato au Butimba kuanzia saa 10, uliza bodaboda yeyote kijiweni leo kuna kombe wapi. Ukiambiwa ni kombe la mbuzi, usisite. Mbuzi mwenyewe utamkuta amefungwa kwenye mti nyuma ya goli, anatafuna majani, na kila shuti likipaa watoto wanakimbizana na mpira hadi miguuni pake. Chokaa ya pembeni mara nyingi imeshafutika, hivyo mstari ni sisi wenyewe tuliosimama. Winga akija na mpira safu nzima inarudi hatua moja kumpisha, akishapita inasogea tena. Utamsikia beki akifoka, "Mtu nyuma! Toka naye!" Utasikia kipa anavyohema. Utamjua mchezaji aliyetoka kazini bila kula kwa namna anavyoshika kiuno dakika ya sitini. Mambo hayo televisheni haina, kwa sababu kamera inafuata mpira, na wewe uwanjani unaweza kumfuata mtu mmoja dakika zote tisini. Fanya hivyo walau mara moja: chagua kiungo mkabaji, usimwachie macho hata mpira ukiwa mbali. Utarudi Katoro unaelewa mpira kuliko wale wote wanaokucheka.

Jioni nyingine fika viwanja vya Mirongo ukaone kikapu. Najua wengi mnaotoka huko kwenye machimbo hamjakizoea, basi shika haya machache: robo nne za dakika kumi kumi, mchezaji akifikisha faulo 5 anatoka na harudi. Kaa karibu na benchi la timu. Kocha akiomba mapumziko wachezaji wanamzunguka, anachora kwa kidole kwenye kiganja chake, na dakika moja baadaye unaona mchoro ule ule ukitembea uwanjani. Mimi nimefundisha michezo shuleni maisha yangu yote na bado jambo hilo linanisisimua mwili.

Nyamagana ina nyasi bandia, mvua ikinyesha mpira hauzami kwenye tope. Alliance Girls wakiwa na mechi ya Ligi Kuu ya Wanawake, usiikose kwa kisingizio chochote. Mabinti wale wanacheza pasi za chini, na majukwaa mara nyingi hayajai, jambo linaloniuma. Nenda uwe mmoja wa waliokuwepo.

Ukifanikiwa kupata likizo Juni, ongeza siku moja ya Kisesa. Pale Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, hufanyika Bulabo, mashindano ya ngoma ya Wagika na Wagalu. Najua uliuliza mechi, lakini nisikilize. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, kila kundi upande wake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Wapo wanaoingia na chatu shingoni, wapo wanaoingia na nungunungu, alimradi wakuhamishe kutoka upande wa pili. Hapo shabiki akivuka uwanja amepiga kura. Wazee wetu walishaamua zamani kwamba mtu aliyekuja kutazama anahesabiwa, na mimi kila ninapoona uwanja wa mpira una watu wachache nawakumbuka.

Sasa Kirumba. Tiketi ya mechi kubwa nunua mapema kwa N-Card, ile kadi ya kielektroniki, usingoje kusukumana getini. Ukinunua mzunguko, yaani majukwaa yasiyo na paa, angalia jua: ukikaa umetazama magharibi, saa 10 litakupiga usoni hadi karibu na filimbi ya mwisho, kwa hiyo beba kofia. Ingia saa mbili kabla ya mechi kuanza. Wenye ngoma huwa wameshaanza, karanga na mihogo inapita, na wazee wa pale wana midomo. Kaa jirani na mmoja, mnunulie kahawa, umuulize habari za Pamba na Toto Africans, timu nyingine ya hapa, enzi zile jiji lilipokuwa linagawanyika nusu kwa nusu. Muulize pia Juni 2007, Taifa Stars walipotoka 1-1 na Senegal hapo hapo Kirumba, bao letu akafunga Nizar Khalfan, la kwao akafunga Demba Ba katika mechi yake ya kwanza ya taifa. Atakuonyesha goli lenyewe kwa kidole. Muulize Mbao ilivyoitoa Yanga 1-0 kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, Aprili 2017, ikaenda Dodoma kufungwa na Simba 2-1 kwenye fainali baada ya muda wa nyongeza. Timu ya kwetu, msimu wake wa kwanza Ligi Kuu!

Halafu atanyamaza kidogo, maana baada ya hapo kuna maumivu. Toto ilishuka mwaka huo huo. Msimu wa 2019/20 Mbao na Alliance zikashuka pamoja, na jiji hili lote, la pili kwa ukubwa nchini, likabaki bila timu yake Ligi Kuu kwa miaka minne. Kirumba tuliingia kutazama timu za mikoa mingine. Pamba iliporudi msimu wa 2024/25, ikiwa nje tangu 2001, kulikuwa na vijana jukwaani ambao hawakuwahi kuiona Pamba hiyo, TP Lindanda ya baba zao, ikicheza ligi ya juu hata siku moja. Niliwaona watu wazima wakilia wimbo wa timu ulipoanza kuimbwa. Kwa hiyo ukiingia Jumamosi hiyo, piga makofi hata kama tumefungwa. Sisi tunajua kukaa bila timu kukoje.

Siku moja ya wiki yako pumzika. Shuka soko la samaki la Mwaloni ule sato wa kukaanga, ulale mchana. Mwili wa shabiki nao unachoka, na sauti ikikauka Alhamisi, Jumamosi utaimba na nini?

SWALI: Mwalimu, mimi ni Yanga wa kuzaliwa, lakini nimekulia Igogo. Yanga ikija Kirumba kucheza na Pamba, niko upande gani? Nyumbani tumegombana na kaka zangu. – Mpenda Amani, Igogo

JIBU: Mpenda Amani, nitakujibu bila kuzunguka: kaa na Pamba. Yanga siku hiyo haitakosa watu. Wataijaza Kirumba kutoka Shinyanga, Simiyu na Mara, na Simba ikija ni vile vile. Wachezaji wetu wanatoka chumbani wanakuta uwanja wao wenyewe una rangi za wageni, kila pasi yao inazomewa na watu wa mtaa wao. Mchezaji kijana wa Mwanza hilo linamvunja, nimeliona usoni mwa vijana niliowafundisha. Mechi nyingine zote za msimu, Yanga ni yako, nani atakunyima? Hizi dakika 90 Igogo inakuhitaji. Kaka zako wakae watakako, ila mrudi nyumbani kwa daladala moja.

SWALI: Binti yangu ana miaka tisa, anapenda mpira kuliko kaka zake. Baba yake anasema uwanjani si mahali pa mtoto wa kike. Nimpeleke au nisubiri akue? – Mama Wawili, Buzuruga

JIBU: Mpeleke, mama. Usianze na mechi ya Simba au Yanga, getini kuna msukumano na mtoto atakanyagwa. Anza na Alliance Girls pale Nyamagana, aone dada zake wanavyocheza, na mkae safu za mbele ili asizibwe na watu wazima. Akizoea, Kirumba nunueni jukwaa lenye paa, muingie mapema, mtoke dakika tano kabla ya filimbi au msubiri hadi watu wapungue. Mwandikie namba yako ya simu kwenye karatasi, itie mfukoni mwake, umwonyeshe lango mtakalokutania mkipotezana. Matusi atayasikia, siwezi kukuficha. Mwambie kabla hamjafika kwamba yale yanabaki jukwaani. Na baba yake mkaribishe aje naye. Akimwona binti yake anavyoifuatilia mechi, mazungumzo ya nyumbani yatakuwa mepesi.