Kila thredi na soketi yake: jibu kwa mwenye programu ya mizani

Mkuu, umesema thredi zako mbili (njia za kazi zinazokwenda sambamba ndani ya programu moja) zinasoma mizani mbili, zote zinatuma kupitia soketi moja (mlango wa kupitishia ujumbe) ya ZeroMQ, maktaba ya kutumiana ujumbe, na programu inakufa ghafla bila kueleza sababu. Chanzo ni hiyo soketi moja. Soketi za kawaida za ZeroMQ haziruhusu thredi mbili kuzitumia kwa wakati mmoja. Cha kushirikiana ni konteksti tu, yaani kile kinachobeba soketi zote za programu.

Wapo watakaokwambia uweke kufuli, ili thredi zitumie soketi hiyo kwa zamu. Siipendi njia hiyo hata kidogo: kesho mwenzako ataongeza mstari mmoja nje ya kufuli, na programu itaanguka msimu ukiwa umepamba moto, wakulima wamepanga foleni na magunia yao.

Kwenye ghala la korosho ninalohudumia huku Masasi, konteksti ni moja kwa programu nzima. Kila thredi ya mizani inajifungulia PUSH yake (soketi ya kutuma tu) na kuunganisha kwenye inproc://uzito, anwani ya ndani ya programu yenyewe. Thredi ya hifadhidata ndiyo yenye PULL (soketi ya kupokea tu) inayosikiliza anwani hiyo. Basi. Ukitengeneza konteksti mpya ndani ya kila thredi, inproc haitakutanisha chochote, na kuanzia toleo la 4.0 hutaona hata kosa: upande unaounganisha unangoja tu kimya. Kagua hilo kwanza.

Jambo linalowaumiza wengi huku kwetu ni mtandao kukatika. Hapo ujumbe usioweza kutumwa hurundikana, na foleni ya ZeroMQ ina kikomo, kwa kawaida ujumbe 1,000 kila upande, na kwenye inproc vikomo vya pande zote mbili hujumlishwa. Ikijaa, PUSH inasimama, na thredi ya mizani inasimama nayo. Kwa hiyo usiiunganishe mizani moja kwa moja na thredi inayotuma kwenye seva ya mbali. Uzito uandikwe kwanza kwenye diski. Thredi ya kutuma isome kutoka humo kwa kasi yake. Umeme ukikatika, rekodi iliyokwisha kuandikwa bado ipo. Uzito wa mkulima ni hela yake, haufai kukaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta peke yake.

Wakati wa kuzima, kila thredi ifunge soketi yake yenyewe, ndipo umalizie konteksti. Ikibaki soketi moja wazi, programu itaganda hapo.

Ukikwama, bandika sehemu inayofungua soketi tuiangalie.