Nyumba itulie: anza na upepo na taa, rangi iwe ya mwisho

Ndugu mleta uzi, umesema umepanga vyumba viwili na sebule huko Tabata, Dar, ukirudi kazini unahisi kuchoka zaidi ukiwa ndani kuliko ulipokuwa kwenye daladala, na unataka kujua upake rangi gani na ununue sofa za namna gani. Wadau wameshakupa picha nyingi nzuri. Mimi nakuomba hela yako itulie mfukoni kwanza. Kwa maelezo yako kinachokusumbua ni joto na kelele, na sofa haiondoi hata kimoja.

Mimi niko Tanga, hali ya hewa yetu haina tofauti kubwa na yenu. Pwani hii upepo wa kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, Desemba hadi Machi hivi, kisha kusi huchukua nafasi kutokea kusini-mashariki. Kwa hiyo dirisha linalotazama mashariki ni mali, usilizibe kwa kitu chochote. Lakini upepo hauingii mahali usipopata pa kutokea. Sebuleni kwangu kabati la vyombo lilikuwa limeegemea dirisha la pili, la upande wa uani. Tulipolihamisha, usiku ule ule tulizima panga boi. Halafu kagua nyavu za mbu. Nyavu ikishiba vumbi hewa haipiti, na watu wengi wanalaumu nyumba kumbe nyavu haijaoshwa tangu walipohamia. Sabuni, maji, brashi laini, basi.

Dirisha la magharibi lina dawa yake. Jua la alasiri likishapita kwenye kioo, joto limeshaingia. Pazia zito la ndani linakupa giza tu. Kivuli kiwe nje: mkeka wa zamani ulioning'inizwa kwenye nondo, turubai dogo, au mti kama mwenye nyumba anaruhusu.

Sasa taa, na hapa naomba unisikilize sana. Ukienda duka la umeme utapewa balbu nyeupe kali, na ukisoma boksi utakuta imeandikwa 6500K. Hiyo K ni kipimo cha rangi ya mwanga: namba ikiwa ndogo mwanga ni wa manjano, ikiwa kubwa una ubuluu. Tafuta ya 2700K au 3000K kwa sebule na chumba cha kulala. Mwanga wenye ubuluu usiku unachelewesha melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba muda wa kulala umefika. Ile taa ya katikati ya dari izime baada ya chakula cha usiku, uwashe ndogo iliyo chini ya usawa wa macho. Nyumbani kwangu watoto walianza kupunguza sauti wenyewe, hakuna aliyewaambia. Jikoni acha nyeupe, kuchambua mchele kunataka uone kila kijiwe.

Kelele: marumaru chini, jipsamu juu, kuta tupu pembeni, kila sauti inarudi. Weka mkeka mkubwa wa ukindu au zulia, mapazia ya kitambaa chenye uzito, rafu ya vitabu kwenye ukuta unaopakana na jirani. Vitu hivi havizuii muziki wa baa ya mtaani, hilo nisikudanganye, ila mwangwi wa ndani unapungua na mnaacha kuongea kwa kupaza sauti.

Niliwahi kulala kwenye nyumba ya kale Lamu, na nadhani kila anayepanga sebule angeona ilivyopangwa. Mlangoni kuna daka, yaani kibaraza chenye viti vya kujengea, mgeni wa haraka anaishia hapo. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko haziwezi kuvuka upana mkubwa, kuta ni nene za mawe ya matumbawe na chokaa, mwanga unatoka kiwandani, yaani ua wa wazi ulio ndani ya nyumba. Kadiri unavyoingia ndani ndivyo panavyotulia. Wewe huna kiwanda, lakini unaweza kutundika pazia kati ya sebule na korido ya vyumbani, wageni na televisheni vibaki upande mmoja. Na kule Lamu vyombo vya thamani vimepewa vidaka vyao, yaani vishubaka vya ukutani, havijarundikwa juu ya meza.

Rangi? Nyeupe ya maziwa isiyong'aa, upake chumba chote. Nyekundu ya ukuta mmoja siipendi, ila ni nyumba yako.

Udi na ubani ni vizuri, lakini fungua madirisha kwanza. Moshi kwenye chumba kisicho na hewa unaumiza kifua, hasa cha mtoto. Asumini kwenye mto inatosha kabisa.

Kitu kimoja ningekuomba ukifanye leo: toa chaja ya simu chumbani, uhamishie sebuleni, simu ilale huko.

Ukipata nafasi, sema kila dirisha lako linatazama upande gani na mlango wa nyuma uko wapi. Hapo tutajua kabati liende ukuta upi kabla hujaita fundi.