Kuhamisha sarafu kwa oda ya matokeo: jibu kwa aliyeuliza kama ni salama

Mwenzetu ameuliza kama ni salama kutumia oda ya matokeo, yaani oda ambayo mtu hachagui njia wala daraja (mfumo wa kuvusha sarafu za kidijitali kati ya minyororo), bali hutaja tu sarafu na kiasi anachotaka kupokea, mnyororo (blockchain) atakaopokelea na muda wa mwisho. Nimezitumia zaidi ya mwaka, hasa kuhamisha USDC (sarafu ya kidijitali yenye thamani ya dola moja) kutoka Arbitrum kwenda Base, minyororo miwili inayoegemea Ethereum, na kwangu ni salama mradi uisome oda yenyewe kabla ya kutia sahihi.

Nilipotumia daraja rasmi kurudisha sarafu Ethereum, nilisubiri takriban siku 7 kipindi cha pingamizi (muda wa kupinga muamala wa udanganyifu) kipite, kisha nikalipa gesi (ada ya muamala) tena ili kuzidai. Katika oda ya matokeo mzigo wa kusubiri huubeba mtekelezaji, yaani anayejitolea kuitimiza oda yako: hukulipa kwa fedha zake upande wa pili, kama afanyavyo mtu wa hawala, na baada ya kuthibitishwa kwamba alikulipa, mkataba mahiri (programu inayojiendesha kwenye mnyororo) humfidia kwa zile sarafu ulizofungia upande wa kwanza. Ukishapokea, huna tena dai lolote kwenye hazina ya daraja, na hilo si jambo dogo kwa anayekumbuka daraja la Nomad lilivyokombwa na wezi takriban dola milioni 190 mwaka 2022.

Kosa langu lilikuwa ubahili. Niliweka oda ya USDC 1,200 nikidai nipokee zisizopungua 1,199.95, kiasi ambacho hakikumwachia mtekelezaji hata gharama ya gesi. Hakuna aliyeigusa. Pochi haikuonyesha kosa lolote, na muda ulipokwisha fedha zilirudi Arbitrum baada ya saa kadhaa, wakati niliyepaswa kumlipa kule Base alikwisha kununa.

Kiwango cha ERC-7683, kilichopendekezwa mwaka 2024 na Across (mradi wa daraja) pamoja na Uniswap Labs (kampuni ya soko la kubadilishia sarafu), kinaipa oda umbo moja ili watekelezaji wengi waishindanie, lakini hakikukingi na ulichoandika mwenyewe. Kwenye Base kuna USDC halisi na kuna USDbC iliyovushwa kwa daraja, kwa hiyo linganisha anwani ya sarafu, usitegemee jina. Na kama pochi yako ni ya sahihi nyingi (inayohitaji zaidi ya sahihi moja kutoa fedha), hakikisha kwanza kwamba anwani ya pochi hiyo ni yako kwenye mnyororo wa pili pia, kwa maana mtekelezaji atalipa palepale ulipoandika.