Waulize Jikoni: Kahawa yangu imekuwa chungu kama dawa, wateja wananikimbia

SWALI: Dada habari za kazi. Mi ni kijana wa Mwanga hapa Kigoma, nina miezi 4 natembeza kahawa na kashata jioni. Mwanzo wateja walikuwa wengi tu, sasa hivi wanasema kahawa yangu ina ladha ya moshi na uchungu unakaa kooni. Unga wa kahawa nanunua dukani ule wa kupima. Nimejaribu kuongeza tangawizi lakini wapi. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana mdogo wangu. Tangawizi iache kwanza, haitakuokoa, tatizo liko kwenye huo unga. Hujui umekaangwa lini wala na nini, mi mwenyewe niliwahi kuuziwa unga wa hivyo nikaja kugundua umechanganywa na mahindi yaliyounguzwa, niliumia sana maana sisi tuko Kigoma, Kalinzi na Matyazo hapo juu milimani wanalima arabika nzuri mno, inasafirishwa mpaka Marekani, halafu sisi huku chini tunakunywa makaa!

Kaanga mwenyewe. Tafuta kahawa safi iliyokobolewa, anzia kwenye chama cha msingi cha wakulima wa kahawa uulize utaratibu wa kununua kidogo kihalali, usiende kurubuni wakulima mashambani usiku. Chambua, toa nyeusi na zilizotobolewa na wadudu. Chukua sufuria nzito, moto wa kati, weka kidogo kidogo na usiache kugeuza hata dakika moja. Itatoka kijani iwe njano, inanukia kama nyasi kavu, baadae kahawia, halafu utasikia inaalika ta! ta! kama bisi. Hapo kaa macho. Ikishatulia kualika ipe muda mfupi tu uepue, imwage kwenye ungo, pepeta ipoe haraka maana ukiiacha kwenye sufuria inaendelea kuungua yenyewe. Wengi wanasubiri mpaka iwe nyeusi inatoka mafuta wakidhani ndo kahawa kali, kumbe hapo ladha imeshaondoka umebaki moshi. Ilaze mpaka kesho yake ndo utwange, na utwange ya siku hiyohiyo tu.

Kitu kingine ni birika. Najua lazima likae na mkaa chini ili kahawa iwe ya moto, ila ikitokota kuanzia saa kumi mpaka saa tatu usiku na machicha yake ndani lazima iwe chungu. Chemsha, ipande mara moja, itulie, chuja, nyingine weka kwenye chupa ya chai unaongezea birika kidogo kidogo.

Hesabu yake hii hapa: kilo 1 mbichi ikikaangwa inapungua, unabaki na kama gramu 850. Ukiweka gramu 50 kwa lita unapata lita 17, na vile vikombe vyetu vidogo lita moja inatoa kama 15, kwa hiyo ni zaidi ya vikombe 250. Toa mkaa, toa kashata, linganisha na unachonunua dukani. Na wale wazee wa barazani waliokuacha wapelekee kikombe kimoja kimoja bure siku ya kwanza, wakionja watarudi.

SWALI: Mi niko Tabora mjini, mjamzito wa miezi 5, nanunua kahawa kila jioni kwa mzee mmoja hapa mtaani. Mama mkwe kanikataza kabisa. Ni kweli ni mbaya?

JIBU: Hongera mama. Si lazima uache kabisa ila punguza. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito anayetumia kafeini (ile inayochangamsha mwili kwenye kahawa) zaidi ya miligramu 300 kwa siku apunguze, na kumbuka chai ya rangi nayo ina kafeini, unahesabu vyote. Kikombe kimoja kidogo jioni kiko mbali na hapo. Kubwa zaidi ni vile vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki, usivimeze na kahawa wala chai, vinywaji hivyo vinazuia madini ya chuma yasiingie vizuri mwilini. Meza na maji au juisi ya chungwa, kahawa isubiri saa moja au mawili. Kama inakukosesha usingizi au moyo unakwenda mbio iache, na mwambie mkunga siku ya kliniki.