Jibu: Vifo vya barabarani Kenya 2016, nitumie takwimu ipi?

Salamu ndugu. Umeuliza utumie takwimu ipi kuonyesha mwenendo wa vifo vya barabarani Kenya kwa miaka kumi, ukagusia pia madai ya bima. Umekwama kwa sababu polisi walitoa vifo 2,965 mwaka 2016, na Shirika la Afya Duniani likasema 13,463 kwa mwaka huohuo. Usigawanye katikati! Niliona mwanafunzi akifanya hivyo, na ile namba yake haikuwa na maana yoyote.

Anza na hili: namba ya kwanza ni hesabu ya watu walioandikwa, ya pili ni makadirio ya modeli, yaani yamekokotolewa kwa mbinu za kitakwimu, ndiyo maana huandamana na kiwango cha chini na cha juu. Ukinukuu ya pili, weka na hivyo viwango.

Kisha angalia nani anahesabiwa. Shirika hilo huhesabu anayefariki ndani ya siku 30 baada ya ajali. Nilipokuwa nakusanya data zangu, nililinganisha kitabu cha matukio cha kituo kimoja cha polisi na rejista ya mochari iliyo karibu, kwa tarehe, umri, jinsia na mahali pa ajali. Majina usiyategemee, huandikwa kila namna. Abiria wa bodaboda waliokata roho wodini siku kadhaa baadaye hawakuwemo kabisa kwenye kitabu cha polisi. Iliniuma, maana ni watu waliokufa bila kuhesabiwa.

Kwa swali lako la mwenendo wa miaka kumi, mimi ningetumia takwimu za polisi peke yake, ili nisichanganye hesabu na makadirio, nikieleza wazi kwamba ni pungufu. Madai ya bima sijawahi kuyashughulikia, hapo wengine watakusaidia.