Dawa ya kuzibia ni ya tanga, mawingu yaache

Mkuu uliyeuliza kwa nini mawingu uliyochora kwa rangi za maji yametoka kama vipande vya karatasi vilivyobandikwa, na karatasi ikachunika ulipobandua dawa ya kuzibia: hayo ni matatizo mawili, na la kwanza halitibiki kwa kununua chupa nyingine.

Dawa ile ni utomvu wa mpira uliochanganywa na maji na amonia, ndiyo harufu unayoisikia. Unaipaka pale unapotaka karatasi ibaki nyeupe; ikikauka inakuwa utando usiopitisha maji, na ukimaliza kupaka rangi unaubandua. Rangi ikifika pale inasimama, inajikusanya, na ukingo unatoka mkali. Wingu lina ukingo wa hivyo upande mmoja tu, ule unaopigwa na jua. Kwingine kote linayeyuka. Kwa hiyo mimi mawingu siyazibi kabisa. Nalowesha anga lote, napitisha ultramarini (buluu ya anga) iliyokolea juu, naipunguza nikishuka kuelekea baharini. Kabla mng'ao wa maji haujakatika nakandamiza tishu pale ninapotaka weupe, nikigeuza upande safi kila mara, la sivyo unarudisha buluu ileile uliyoitoa. Ultramarini na buluu ya kobalti zinakubali kutolewa. Buluu ya thalo inang'ang'ania, usiiweke kwenye anga unalotarajia kulifuta. Tumbo la wingu nalipa ultramarini yenye siena (kahawia ya udongo) kidogo wakati karatasi bado mbichi.

Dawa naiweka kwa vitu vyenye ukingo vinavyosimama mbele ya anga: tanga la jahazi, mlingoti, kamba, mnara wa msikiti. Hapo inalipa, maana unapitisha brashi kutoka kushoto hadi kulia bila kusita. Ukianza kulizunguka tanga kwa ncha ya brashi, upande wa pili umeshaanza kukauka na mabaka hayakwepeki.

Sasa kuchunika. Mara nyingi kosa ni la karatasi. Zile za bei nafuu ni laini juu na mpira unashika nyuzi zake. Tafuta ya pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba, na bado ujaribu kwanza pembeni. Lakini kwa sisi wa Pwani unyevu ndio mchawi. Wakati wa masika karatasi inaonekana kavu kumbe ndani ina maji. Iguse kwa mgongo wa mkono: ikiwa ya baridi, subiri. Kipimo hicho ni cha kabla ya kupaka dawa, na tena kabla ya kuibandua. Usiharakishe kwa draya wala kwa kuianika juani, joto linaufanya mpira ushikamane zaidi. Na usiiache wiki nzima. Mimi naibandua siku hiyohiyo au kesho yake, kwa kuisugua taratibu na kidole kisafi.

Chupa usiitikise, mapovu yakipasuka yanaacha vitundu na rangi itapenya humo. Mimina kidogo kwenye kifuniko, funga chupa. Brashi iwe ya zamani, uichovye kwenye sabuni ya maji kwanza, vinginevyo manyoya yanagandana na imekufa. Kwa kamba za jahazi natumia kalamu ya nibu, ile ya kuchovya. Dawa ikishaanza mabonge itupe, kuongeza maji hakuifufui. Mwenye mzio wa mpira asiiguse kabisa.

Ukishabandua, kazi haijaisha. Weupe ule mtupu unafanya tanga lionekane kama plasta. Matanga yetu yana rangi ya vumbi na jua, hivyo nayapaka oka (manjano ya udongo) nyepesi, na upande wa kivulini naulainisha ukingo kwa brashi ngumu yenye unyevu kidogo.

Ndege weupe wa mbali usijisumbue kuwaziba. Nukta ya guashi nyeupe (rangi ya maji nzito, inayofunika) mwishoni inatosha, au kwangua kwa ncha ya wembe karatasi ikishakauka kabisa. Turner mwenyewe, yule mchoraji maarufu wa Uingereza, alikuwa akikwangua, tena kwa kucha.