Nkejje na kamongo nyuma ya kioo: zima flashi, sogea karibu

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini picha zako za nkejje, wale samaki wadogo wa Ziwa Viktoria, ulizozipiga katika chumba cha matangi chenye mwanga hafifu, zina doa jeupe katikati na samaki wenye kingo zilizofifia, na iwapo ununue flashi yenye nguvu zaidi. Nakusihi usinunue. Kwa miaka sita nimekuwa nikipiga picha za samaki wa Ziwa Viktoria katika matangi ya rafiki yangu mfugaji huko Entebbe, na siku ya kwanza nilirudi nyumbani na doa hilo hilo, kwa kuwa kioo hurudisha mwanga wa flashi moja kwa moja kwenye lenzi.

Zima flashi, vaa nguo nyeusi, kisha gusisha lenzi kwenye kioo ukitumia kikinga mwanga cha mpira, ili mwanga wa chumbani usipate upenyo. Ukifanya hivyo huhitaji kichujio cha kuondoa mng'ao, ambacho humeza zaidi ya nusu ya mwanga mdogo ulio nao.

Kufifia kwa kingo kunatokana na kupiga picha kwa mshazari. Mwanga unaotoka majini kuingia hewani hupinda, na kadiri unavyokuja kwa mshazari ndivyo unavyopinda zaidi, tena kila rangi kwa kiasi chake. Ndiyo maana mapezi huonekana yamezungukwa na wekundu na ubuluu ambao hata lenzi ya bei kubwa haiwezi kuuondoa. Samaki akienda kando, usizungushe kamera: sogea naye, lenzi ikiwa imekikabili kioo wima, na umsubiri akaribie.

Mimi hutumia lenzi ya milimita 60, tundu la lenzi likiwa wazi kwa f/2.8, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya 3200 na kasi ya 1/200 ya sekunde. Chembechembe zinazoletwa na ISO kubwa navumilia. Jicho la samaki lililofifia, hapana. Picha ikitokea na mistari ya giza, sababu ni taa za LED zinazowaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50. Shuka hadi 1/100 na usubiri samaki atulie.

Utulivu wako ni muhimu kuliko kifaa chochote. Nkejje dume akishtuka hupoteza rangi zake, kwa hiyo usigonge kioo. Keti robo saa kabla ya picha ya kwanza. Jike mwenye taya lililovimba amebeba mayai mdomoni na anaweza kuyatema kwa hofu, basi mwache. Aina nyingi za nkejje zilitoweka ziwani baada ya sangara, aliyeletwa miaka ya 1950, kuongezeka mno miaka ya 1980, nami naona tunawajibika kuwapiga waliosalia picha zinazoonyesha wazi rangi zao na madoa ya pezi la chini karibu na mkia.

Kamongo, samaki ambaye Waganda humwita mmamba na ambaye hahusiani na mamba wa Kiswahili, hulala chini gizani muda mrefu. Usimfuate huko. Ana mapafu, hivyo lazima apande kuvuta hewa. Weka fokasi kwa mkono karibu na uso wa maji, pale taa inapoangaza zaidi, na umngoje hapo.